Nimebakisha siku 19 Nairobi, na miguu imegoma kutoka

Shikamoo mama,

Mimi ni mwanamke wa miaka 36, mwenyeji wa Tanga, muuguzi wa watoto. Nimekuja Nairobi kwa mafunzo ya mwezi mmoja, nimepanga chumba Ngara. Darasa linaisha saa 9 alasiri, na Jumamosi na Jumapili ni zangu. Tangu niolewe sijawahi kuwa peke yangu katika mji wa watu, bila mtu wa kuniuliza leo tunakula nini.

Nilipoambiwa nimechaguliwa, Mungu anisamehe, sikuyafikiria mafunzo kwanza. Nilifikiria kutembea. Kwetu natembea kila siku, asubuhi kwenda kazini, jioni mpaka Raskazone kuiangalia bahari. Na kuna baba yangu. Alikuwa fundi wa reli enzi za Reli ya Afrika Mashariki, na mwaka 1972 aliletwa Nairobi kusomea kazi. Alikaa miezi minane, na hadithi za miezi hiyo minane ndizo tulizolelewa nazo. Alikuwa akitoka stesheni anapanda mjini kwa miguu, anasimama kulitazama jumba la mikutano la KICC likiongezeka ghorofa. Sasa ana miaka 76, macho yamepungua. Kila usiku ananipigia: “Leo umefika wapi?”

Jumamosi yangu ya kwanza nilitoka. Nilitembea karibu saa mbili, nikaingia bustani moja katikati ya mji nikaketi, maana pumzi zilikuwa zimeniishia, sijui kwa nini. Akaja kijana, shati limepigwa pasi, ana bahasha ya khaki. Aliponisikia namshukuru muuza karanga akajua natoka Tanzania. Akasema yeye ni mkimbizi, amepata nafasi ya chuo Dar es Salaam, amekwama nauli. Aliniuliza maisha ya Dar yakoje, chumba ni bei gani, kwa adabu kabisa. Tukaenda kunywa chai mgahawani. Nikampa shilingi 1,500, akanishukuru, akaondoka.

Hazikupita dakika mbili, wanaume watatu wakaketi mezani pangu. Wakasema ni polisi wa upelelezi, kijana yule wanamfuatilia, na mimi nimemfadhili. Walionyesha kadi harakaharaka. Wakachukua pasipoti yangu. Wakataja neno ugaidi. Mama, mimi nimewahi kumshika mtoto akikata roho mikononi mwangu na sikutetemeka vile. Niliwapa shilingi 4,000 mkononi na nyingine 7,500 nikawatumia kwa simu, ndipo wakanirudishia pasipoti. Mmoja wao alikuwa anakunywa chai yangu. Aliimaliza, akaweka kikombe chini, akanishauri nisiwe naongea na watu nisiowajua.

Sijamwambia mtu. Wenzangu darasani waliniambia tangu siku ya kwanza kwamba Nairobi si Tanga, niite teksi hata kwa mwendo wa dakika kumi. Nikiwaambia, watasema si tulikwambia. Leo siku ya nane natoka chumbani naingia kwenye gari, natoka kwenye gari naingia chumbani. Baba akiuliza, namdanganya. Juzi nilimwambia nimefika stesheni. Akaniuliza kama vile vichwa vikubwa vya treni bado vipo. Nikasema vipo. Nilipokata simu nililia.

Nikae ndani nirudi kwetu salama, au nitoke? Na kama ni kutoka, mwanamke peke yake anautembeaje mji huu?

Mgeni wa Ngara

*

Marahaba mwanangu, na pole sana. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nimekwama kwenye kikombe cha chai. Fedha inauma, lakini mtu kukunywea chai yako huku anakuibia ni dharau ya aina yake, na naelewa kwa nini miguu imegoma.

Mchezo uliochezewa ni mkongwe hapa tao, yaani katikati ya mji. Wa kwanza huja kwa upole, mara nyingi akijiita mkimbizi au mwanafunzi anayeelekea kwenu Tanzania. Wenzake huja nyuma wakijiita polisi. Wameizoea kazi hiyo kama wewe ulivyozoea kutafuta mshipa kwenye mkono wa mtoto mchanga. Kwa hiyo usijiite mjinga, wala usikubali maneno ya wenzako wa darasani, kwa sababu kilichokuponza si kutembea. Ungekuwa unatembea wasingekupata. Walikupata umeketi, umezungukwa na meza na viti, na pasipoti iko mkobani.

Kesho fanya jambo moja kabla ya yote. Ujumbe wa simu wa zile shilingi 7,500 usiufute, una jina na nambari ya aliyepokea, una na saa. Mwombe mwenzako mmoja unayemwamini akusindikize hadi Kituo cha Polisi cha Central, pale University Way, uandikishe ripoti na upewe nambari ya OB, kitabu cha matukio cha polisi. Siwezi kukuahidi kwamba fedha zitarudi. Nataka tu uzungumze na polisi wa kweli, ndani ya kituo cha kweli, ili wale watatu wasibaki ndio sura ya polisi kichwani mwako. Na huyo mwenzako atakuwa amejua, mzigo utakuwa wa wawili.

Siku nyingine mtu akikwambia ni polisi, simama wima, mwombe kitambulisho cha kazi, kisome polepole kwa sauti, jina na nambari, kisha sema, “Sawa, twende kituoni.” Twende, kwa miguu, mbele za watu. Tapeli hawezi safari hiyo. Tembea na nakala ya pasipoti, yenyewe ibaki chumbani. Nambari za dharura ni 999 na 112.

Sasa swali lako. Toka.

Nakwambia hivyo kwa sababu niliwahi kuwa wewe. Nilikuja Nairobi kutoka Mombasa mwaka 1991, msichana wa miaka 23, karani wa ofisi ya mizigo. Miezi minne nilijua njia moja tu, ya kutoka steji hadi ofisini, na niliipita mbio kama ninayefukuzwa, macho chini, mkoba kifuani. Asubuhi moja kisigino cha kiatu kikang'oka. Sikuwa na budi, nikaketi kwenye kigoda cha fundi viatu aliyekuwa pembeni mwa njia hiyo. Alikishika kiatu, akanitazama, akasema, “Wewe ndiwe yule wa kukimbia.” Alikuwa akiniona kila siku kwa miezi minne! Mimi sikuwahi kumwona hata mara moja. Akapiga misumari mitatu, akapaka gundi, akaniambia nihesabu mpaka 100 kabla sijakanyaga. Kesho yake nilipunguza mwendo nikamsalimia. Kisha muuza magazeti. Kisha soja wa mlango wa benki. Mwezi haukuisha, njia ile ilikuwa na watu sita ambao ningepotea wangeuliza, “Yule wa kukimbia yuko wapi leo?”

Kwa hiyo usianze na mji. Anza na njia moja, uirudie mpaka ikujue. Wageni wengi hutaka kuumaliza mji kwa siku mbili, na kila kona huwakuta wapya, hawajui wasimame wapi wala wamwamini nani. Njia uliyoipita mara kumi huitembei peke yako, hata kama hakuna aliyekusindikiza.

Na njia yako ninayo. Kutoka Ngara nenda Kariokor, sokoni. Haifiki nusu saa kwa miguu, na darasa likiisha saa 9 unao muda wa kwenda na kurudi mchana ungalipo. Mwanamke wa Tanga ana haki na soko lile. Jina lake limetoka Carrier Corps, kikosi cha wapagazi Waafrika waliobebeshwa mizigo ya Waingereza katika Vita Kuu ya kwanza, na Kariakoo yenu ya Dar ilipata jina kwa wapagazi haohao. Vita hivyo vilifika kwenu mapema, Novemba 1914, Waingereza walipotua Tanga wakafukuzwa na Wajerumani. Leo Kariokor ni vyondo, yaani vikapu vya kusukwa, viatu vya ngozi, akina dada wanaosuka nywele, na moshi wa nyama choma. Usinunue kitu siku ya kwanza. Chagua mama mmoja wa vyondo, msalimie, muulize habari ya kazi, ondoka. Siku ya pili mrudie. Siku ya tatu atakuwekea kigoda bila kuombwa, na hapo ukae, huyo umeshamjua.

Kiswahili chako kitakutangaza popote ulipo. Ukisema “samahani, naomba” mahali ambapo sisi tunasema “nipatie”, kila mtu atageuka. Kwa matapeli hiyo ni alama, umeona. Kwa wengine wote ni sababu ya kukupenda, na hao wengine ndio wengi, naapa. Usikibadilishe. Jifunze maneno machache tu ya kukuepusha na usumbufu: konda wenu ni makanga wetu, kituo ni steji, mgahawa tunauita hoteli, na ukiagiza chai bila maelezo italetwa ya maziwa. Ya rangi iite turungi. Mtu akikuandama njiani, awe mpiga debe anayetaka kukuvuta mkono au kijana mwenye bahasha, usimjibu maswali na usimtukane. Sema “Asante, nimefika,” kisha ingia duka lililo karibu kana kwamba ndiko ulikokuwa ukienda.

Simu inahitaji adabu yake. Ramani isome chumbani, ukariri kona tatu za mbele, uiweke simu ndani. Ukisahau, ingia mlangoni mwa benki au duka kubwa, simama karibu na soja, ndipo uitoe. Usiitoe ukingoni mwa barabara wala dirishani mwa matatu, hapo mkono mmoja tu unatosha kuinyakua. Kuvuka barabara, usiwe shujaa: ngoja kundi likusanyike, vuka katikati yake. Herini na mikufu iache chumbani.

Na pumzi usizidhanie ugonjwa. Wewe umezaliwa usawa wa bahari, Nairobi iko karibu mita 1,700 juu yake. Muuguzi hahitaji kuelezwa hewa inavyopungua huko. Siku zako za kwanza tembea kama mtu anayebeba maji. Beba na sweta, kwa sababu hii Julai tunayoingia ndiyo baridi yetu, asubuhi anga ni jivu tupu na jua huenda lisionekane mpaka adhuhuri. Hilo jua huzama mnamo saa 12 na nusu jioni, mwaka mzima karibu hivyohivyo. Saa 12 uwe umekaribia mlangoni kwako, hilo sina mjadala nalo.

Ukishaizoea Kariokor, nenda tao Jumamosi asubuhi. Si Jumapili, maana Jumapili maduka mengi yamefungwa na vichochoro havina watu, na mtaa usio na watu ndio wa kuogopwa kuliko wenye msongamano. Panda matatu kutoka Ngara, ushuke uelekee jumba la Nyaraka za Taifa, ambalo watu wote hapa huliita Archives. Ndiko tunakopeana miadi, kwa hiyo mtu aliyesimama pale anaonekana anamngoja mwenzake. Hapo karibu iko sanamu ya Tom Mboya, waziri aliyepigwa risasi barabara hiyohiyo ya Moi Avenue tarehe 5 Julai 1969 akitoka duka la dawa. Vuka Moi Avenue uingie upande wa Mama Ngina Street, utamkuta Dedan Kimathi, kiongozi wa Mau Mau, na bunduki yake. Sanamu yake ilizinduliwa tarehe 18 Februari 2007, miaka 50 kamili tangu Waingereza wamnyonge. Fuata mtaa unaoitwa kwa jina lake mpaka Kenyatta Avenue, na pale utazame katikati ya barabara.

Kuna wanaume watatu wa shaba. Ukiwa umewahi kuiona Sanamu ya Askari pale Dar, utahisi umekutana na ndugu zake, kwa kuwa ni ukumbusho wa vita vilevile, wa miaka ileile ya 1920, wenye maandishi ya Kiswahili na Kiingereza. Tofauti ni kwamba wa Dar yuko peke yake na bunduki, na wa Nairobi kuna mpagazi kati yao. Mimi humwangalia yeye. Soko lako la kila siku linaitwa kwa ajili ya watu kama yeye, na hakuna aliyeandikwa jina.

Kutoka hapo uko karibu na Banda Street, ambako simba wawili wa mawe wanalinda maktaba ya McMillan, iliyofunguliwa mwaka 1931, na msikiti wa Jamia uko jirani na kuba zake za rangi ya fedha. Ukiendelea kidogo utaingia Muindi Mbingu Street. Jina hilo ni la mtu ambaye mwaka 1938 aliwaongoza Wakamba kwa miguu kutoka Ukambani mpaka Nairobi, wake kwa waume, kudai ng'ombe wao waliochukuliwa na serikali ya kikoloni. Walikaa hapa majuma kadhaa wakikataa kurudi. Nikichoka mtaani huo, huwakumbuka. Mtaa wa Biashara unaukata mbele yake, na maduka ya vitambaa yamejipanga huko. Kanga wewe ziite leso, na usikubali bei ya kwanza.

Hiyo njia yote ni fupi. Irudie Jumamosi inayofuata badala ya kuongeza nyingine, utaona mambo uliyoyaruka. Kuhusu River Road na mitaa ya chini ya Tom Mboya Street, mimi naipenda kwa moyo wote, kuna uhai kule usioupata kwingine. Lakini kwa mwanamke mgeni, wiki hizi tatu, nenda na mwenyeji au usiende. Gikomba, soko la mitumba, vilevile. Jumapili nenda msitu wa Karura, mchana, kwenye njia zenye watu. Ni msitu ambao Wangari Maathai alipigwa mwaka 1999 akitetea usigawiwe kwa wajenzi, na ukiwa ndani yake utaelewa alichokuwa akikitetea bila kuelezwa.

Tarehe moja uizingatie: 7 Julai. Kwenu Saba Saba ni sikukuu na maonyesho. Kwetu ni kumbukumbu ya mkutano wa Kamukunji wa mwaka 1990, wa kudai vyama vingi, na siku hizi mara nyingi huwa na maandamano na barabara za tao hufungwa. Siku hiyo hata mimi sitoki, na ningependa nawe usitoke.

Sasa baba yako. Usimalize mwezi huu na ule uongo. Lakini usimwambie leo, mwambie Jumamosi ya tatu, ukiwa na kitu mkononi.

Asubuhi hiyo shuka Moi Avenue mpaka mwisho wake, inapokutana na Haile Selassie Avenue. Kwenye kona utakuta bustani ndogo ya ukumbusho, mahali ulipokuwa ubalozi wa Marekani. Tarehe 7 Agosti 1998 bomu liliua watu 213 hapo, na asubuhi hiyohiyo jingine likaua watu 11 Dar es Salaam. Simama kidogo, ukitaka waombee wote. Mbele yako iko stesheni. Reli ilifika hapa mwishoni mwa Mei 1899, pakiwa ni kinamasi tu ambacho Wamaasai walikiita kwa maji yake baridi, na mji wote uliotembea umeota kutokana na stesheni hiyo. Muulize askari wa stesheni njia ya Jumba la Makumbusho ya Reli. Kipande cha mwisho hakina watu wengi, kwa hiyo kipite kati ya saa 4 na saa 8 mchana, na ukiona wengine wanaelekea huko fuatana nao.

Makumbusho hayo yalifunguliwa mwaka 1971, mwaka mmoja kabla baba yako hajaletwa Nairobi, na yalikuwa ya Reli ya Afrika Mashariki, mwajiri wake. Nje, uwanjani, vimepangwa vichwa vya treni vya mvuke. Tafuta kimoja kirefu kuliko unavyodhani kichwa cha treni kinaweza kuwa, nambari 5918. Ni cha jamii ya 59, ile iliyokuwa ikivuta mizigo kutoka Mombasa kupanda huku, na kila kimoja kilipewa jina la mlima wa Afrika Mashariki. Hiki kinaitwa Mount Gelai. Gelai uko kwenu Tanzania, kando ya Ziwa Natron.

Ukiwa ndani ya ua hapana wasiwasi, toa simu. Mpigie baba yako palepale, mchana, usingoje usiku. Mwambie juzi ulimdanganya, na kwa nini. Kisha shika chuma cha gurudumu umwambie ni baridi, umsomee nambari ubavuni, tarakimu moja moja, umwache yeye akwambie kilichobaki.

Uniandikie amesema nini.